Mkunjo wa Koti la Muthoka

Kila mvua ndefu ilipokatika Jashoda, mke wa mwenye duka, alifungua masanduku ya sari, na kila alipofungua masanduku Kalondu, mfuaji wa nyumba hiyo, alijua kwamba mgongo wake umekwisha kwa wiki nzima. Si kwamba kulikuwa na kufua. Kufua Kalondu aliweza hata akiwa nusu usingizini. Kazi hii ilikuwa ya kutoa sari moja moja, kuitandaza kivulini pale uani nyuma ya duka, kuigeuza, kuikung'uta polepole, kutafuta mayai ya nondo kwenye pindo, kisha kuikunja upya. Na hapo kwenye kukunja ndipo Jashoda alipovuta kiti cha kamba, akaketi, akakodoa macho.

"Hapana kunja pale-pale, Kalondu. Kunja ingine. Pale-pale itakatika."

"Ndiyo, Mama Vimla."

Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu Vimla, binti wa Jashoda, akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa Vimla alikuwa msichana wa shule asiyetaka hata kusikia habari za sari, anataka gauni zenye mkanda. Lakini Jashoda hakuwa akisema ovyo. Ule uzi wa zari unaong'aa kwenye pindo, ukikunjwa mstari uleule mwaka hadi mwaka, huchoka. Hauonyeshi kwamba umechoka. Unakaa sandukuni na uzuri wake wote, mpaka siku ya harusi nguo inafunguliwa na kukatika palepale penye mkunjo. Kwa hiyo sari iliyokunjwa mara nne mwaka jana ilikunjwa mara tatu mwaka huu, na ile ya mara tatu ikarudi mara nne, majani makavu ya mwarobaini yakapangwa katikati, karafuu zikafungwa kwenye kitambaa, na kila nguo ikavikwa malmal, kitambaa chepesi cheupe kilicholainika kwa kufuliwa.

Chini kabisa ya sanduku la mwisho kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa cha Jashoda. Kalondu alikitoa kwa mikono miwili. Lilikuwa koti la mwanamume, la sufu nzito, bluu inayokaribia weusi, lenye bitana nyeupe. Limekunjwa kwa tatu, mikono imeingizwa ndani, kola imesimama juu kama la kuuzwa dukani.

Hakulikunjua. Alilipitishia brashi upande huu, akaligeuza, akalipitishia brashi upande wa pili. Akaifuta kola kwa kitambaa chenye siki kidogo. Kisha akaingiza vidole ndani ya mikunjo, akapapasa kila pembe kutafuta nondo, na hakuna kilichosogea mahali pake.

"Na hii pia," akasema Jashoda. "Hii pia kunja mupya."

"Hii wacha, Mama Vimla."

"Sufu pia nachoka. Itakatika."

"Wacha ikatike."

Jashoda akafyonza, akatazama pembeni. Kila mwaka walibishana hivyo, na kila mwaka yeye ndiye aliyeshindwa, ingawa sanduku lilikuwa lake. Alikijua kisa cha koti. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi na kinyongo kidogo, na siku Kalondu alipomwambia kwamba chumba chake cha mtaa wa Kamenu kina unyevu na koti litaoza, ni yeye aliyesogeza sari zake na kusema weka hapa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Muthoka, mume wa Kalondu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi pale Thika. Harufu ya ngozi mbichi iliingia kwenye shati lake, kwenye godoro, na Kalondu angeapa kwamba iliingia hata kwenye ugali. Koti peke yake ndilo halikuguswa na harufu hiyo. Lilining'inia nyuma ya mlango ndani ya gunia safi, na lilivaliwa Jumapili, baada ya Muthoka kujisugua mpaka ngozi yake mwenyewe ikalalamika. Na alipotoka kanisani alilivua akalitupa. Juu ya kiti, juu ya kitanda, juu ya sufuria kama ndiyo iliyokuwa karibu. Mtu huyu hakuwahi kukunja nguo tangu azaliwe. Kalondu alimgombeza akachoka, akawa analiokota kimya kimya.

Halafu ukaja msako wa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kalondu alikuwa amelala kwa Himatlal, mwenye duka, kwa kuwa Jashoda mkewe alikuwa na homa. Aliporudi Kamenu alikuta milango iko wazi mstari mzima, wanaume wamebebwa kwa malori, na ndani ya chumba chake koti limewekwa kitandani. Limekunjwa kwa tatu. Mikono ndani, kola juu.

Wakamba walioshikwa siku hiyo waliachiliwa jioni. Msako ulikuwa wa kuwatafuta Wakikuyu, si wao. Walirudi na vumbi lao na hadithi zao, lakini Muthoka hakurudi. Kalondu alikwenda kwenye ofisi ya serikali, akaenda tena, akaenda mpaka karani akawa akimwona anaanza kutikisa kichwa. Hakuna Mkamba wa jina hilo kwenye kambi za kizuizini, aliambiwa. Basi kama hayuko kambini, na hayuko nyumbani, yuko wapi? Watu wa Kamenu hawakukosa jibu. Walisema ameona upenyo akautumia. Walisema kuna mwanamke, upande wa Ruiru.

"Angekuwa anakwenda kwa mwanamke angevaa koti," Kalondu alimwambia jirani yake Selpha. "Ameliacha. Na amelikunja, Selpha. Muthoka! Amelikunja ili nijue atarudi."

Selpha alikuwa rafiki wa kweli, na hiyo ndiyo shida ya rafiki wa kweli, hatakuachia hata uongo mmoja.

"Dada, huyo alikuwa anatupa nguo kila siku, sivyo? Siku moja akakunja. Mimi naona alikuwa anaaga."

Tangu siku hiyo Kalondu hakulala vizuri. Mkunjo ulikuwa mmoja, na yeye aliusoma hivi asubuhi na vile jioni. Lakini hakuukunjua. Kilikuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya mumewe ilifanya ndani ya nyumba yao, na kama kulikuwa na neno ndani yake, alitaka likae hivyo hivyo mpaka mwenye neno aje alisome mwenyewe. Alimpeleka mwanawe Mulei Ukambani kwa bibi yake. Kodi ya chumba cha Kamenu ilipomshinda alikiacha, akahamia kwenye stoo nyuma ya duka la Himatlal, akalala kati ya marobota ya vitambaa vya amerikani. Miaka ikapita, akafua, akapiga pasi, akakunja nguo za watu.

Basi mchana ule wa masanduku, mwaka wa hamsini na tisa, lori la duka liliingia uani na Kaleli, dereva wake, akashuka bila kupiga kelele zake za kawaida. Kaleli alikuwa Mkamba wa kanisa moja na Muthoka. Alisimama karibu na sari zilizotandazwa, akashika kofia yake kama mtu aliyekuja matangani.

"Mama Mulei, nimemwona mtu."

"Mtu gani?"

"Nimesimama Ruiru, nimwage maji kwa injini. Kuna watu walikuwa wanapakia kahawa stesheni. Mmoja nikamtazama, nikamtazama tena. Nikaita, Baba Mulei! Akageuka." Kaleli akaigeuza kofia mkononi. "Halafu akajifanya hakugeuka."

Kalondu aliketi chini, juu ya ukingo wa mkeka. Jashoda aliuliza nini, nini.

Unaweza kudhani alifurahi. Furaha ilikuwapo mahali fulani, lakini ilikuwa imekaliwa na hasira nzito, haikuweza kupumua. Ruiru! Si Mombasa, si ng'ambo. Ruiru, ambako lori la duka hupita kila wiki. Ambako mtu mwenye miguu miwili anafika akitoka asubuhi. Ina maana Selpha alisoma vizuri na yeye ndiye asiyejua kusoma. Yaani aliagwa, tena kwa adabu, kwa mkunjo wa dukani, na yeye akautunza ule mkunjo kwa majani na siki kama mjinga.

"Anakaa wapi?" akauliza.

"Wanasema Mugutha. Kwenye laini za shamba la kahawa."

"Na nani?"

"Sikuuliza, Mama Mulei. Kweli sikuuliza."

Jumapili Kalondu hakwenda kanisani. Jashoda mwenyewe alilivisha koti malmal mpya, akafunga fundo, akalipapasa.

"Nakwenda chukua bwana, ama nakwenda rudisha koti?" akauliza.

"Sijui, Mama Vimla. Mimi nimechoka tu. Nataka kumwuliza neno moja."

Alipanda treni ya asubuhi, akashuka Ruiru, akaweka bunda kichwani. Mvua ilikuwa imeacha matope mekundu yanayonata, na njia ya kupita Gitothua ilikuwa na madimbwi ambayo mtu huyazunguka, kisha akakuta ameyazungukia ndani ya mengine. Alianguka mara moja, kwa goti. Bunda halikugusa chini. Alijicheka kwa uchungu, kwamba hata sasa, hata akienda kukataliwa, mikono yake inakimbilia kuokoa koti kwanza.

Laini za wafanyakazi zilikuwa vyumba vya mabati kwenye mteremko, kahawa mbele na kahawa nyuma. Mtoto mmoja alimwonyesha mlango wa mwisho. Mwanamume aliyeketi mbele yake akimenya viazi alikuwa mwembamba, mvi zimemwingia kando ya masikio, na mabega yake yamekaribiana. Alipoinua macho kisu kikasimama.

"Mama Mulei," akasema.

Kalondu aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akalipakata bunda, na akatazama. Alikuwa amekuja na neno lake moja mdomoni, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kufanya kazi yenyewe. Yaliona ukosi wa shati umegeuka rangi. Yaliona kiraka cha goti kimeshonwa kwa mishono mirefu kama ya gunia. Na yaliona kifungo cha kifua, kimoja kilichobaki, kimefungiwa kwa uzi wa katani.

Uzi wa katani! Hakuna mwanamke duniani, hata awe mvivu wa kutupwa, hata awe hampendi, atakayemshonea mwanamume kifungo kwa katani akamwacha atoke nje. Kalondu alichungulia ndani ya chumba. Sufuria moja. Kikombe kimoja. Nguo zote zimetupwa juu ya kitanda cha fito.

Hapakuwa na mwanamke hapa. Machozi yakamjia, na hilo likamkasirisha upya.

"Umetoka lini kambini?" akauliza. Walizungumza Kikamba, polepole, kama watu wanaojaribu mlango wasioujua.

"Mwaka jana. Mvua ndefu ilipokatika."

"Kwa hiyo ulikuwa kambini. Niliambiwa hakuna Mkamba wa jina lako."

Muthoka akacheka, kicheko kikavu kisicho na mwisho. Mama yake alikuwa mchuma kahawa wa upande huu huu, naye alikulia kati ya watoto wa Kikuyu, akakisema Kikuyu vizuri kuliko baadhi ya wenyewe. Kamenu nzima ilimtania kwa hilo.

"Tumeketishwa uwanjani," akasema. "Mkalimani anapita, anauliza kila mtu kabila. Aliniuliza kwa Kikuyu. Na mimi, mdomo wangu huu, nikamjibu kwa Kikuyu kwamba mimi ni Mkamba. Wale walioketi karibu wakacheka. Nikaapa. Niliapa kwa Kikuyu pia, nilikuwa na hofu, sikusikia ninasema lugha gani. Nilipokumbuka Kikamba changu nilikuwa tayari juu ya lori. Huko niliandikwa Mkikuyu, nikakaa kama Mkikuyu. Unatafuta Mkamba, humpati."

Ilikuwa ajali ya kijinga kiasi kwamba haikuweza kuwa uongo. Na ilikuwa yake kabisa, Muthoka mtupu, mtu wa kutupa neno popote lilipoangukia kama alivyotupa nguo.

"Na mwaka mzima? Ruiru na Thika, mwaka mzima?"

"Nilikuja." Alikitazama kisu. "Nilifika Kamenu. Nikabisha, akatoka mwanamke mwingine na watoto wake. Akaniambia wa zamani amehama."

"Na duka la Himatlal limehama? Hukujua nafanya kazi wapi?"

"Nilijua. Nilifika. Nilisimama ng'ambo ya barabara."

"Ukasimama?"

"Nilikuwa na kaptula ya kambi, Kalondu. Na fulana yenye matobo. Miguu bila kiatu. Nikaona pale dukani, vitambaa vimepangwa mpaka juu, Himatlal amevaa nyeupe. Ningeingia nikasema nini? Kwamba mimi ndiye mume wa yule mama anayewafulia? Nikasema nitafanya kazi kwanza, nipate shati na suruali, ndipo niende. Shati likapatikana, suruali haijapatikana. Suruali ikapatikana, shati limeisha. Halafu nikachoka. Mtu anachoka hata kutaka."

Alisema hivyo bila kujihurumia, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kalondu alikaa na koti mapajani. Ng'ambo ya barabara! Siku hiyo Muthoka alipokuwa amesimama pale akiona haya ya fulana, koti lake la sufu lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule, safi, limefutwa siki, lina majani ya mwarobaini. Aliwaza hivyo na akajisikia mchovu kwa namna ambayo usingizi hauitibu.

Akafungua fundo la malmal.

Muthoka alilitazama koti muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono. Alipofuta vidole vyake kwenye suruali ndipo akaligusa.

"Hili lipo?"

"Lipo kama ulivyoliacha. Sijalikunjua hata siku moja."

"Kama nilivyoliacha vipi?"

"Ulivyolikunja." Sauti yake ilikuwa imekauka. Hili ndilo lilikuwa neno lake moja, lililomtoa Thika, na sasa lilipotoka lilikuwa dogo. "Asubuhi ile. Nimekuja kukuuliza tu, Baba Mulei. Ulipolikunja, ulikuwa unaniambia utarudi, au ulikuwa unaniaga?"

Muthoka akatazama ile mikunjo, mikono iliyoingizwa ndani, kola iliyosimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu chake akakuta cha mwenzake.

"Mimi sikulikunja," akasema.

"Nani basi?"

"Nilikuwa nimelivaa, ndiyo nimefika chumbani kutoka kanisani, wakaingia. Askari mmoja akanivua ili apekue mifuko. Kijana tu. Nadhani kwao walikuwa mafundi wa nguo, maana alilikung'uta, akalikunja hivyo, akaliweka kitandani. Mwenzake akamtukana kwa kuchelewa." Akatikisa kichwa. "Mimi, kukunja? Unanijua."

Upepo mdogo ulipita kwenye kahawa. Kalondu alisikia kitu kama kicheko kinapanda, na hakukizuia, akacheka mpaka akajishika ubavu, na machozi yakashuka sasa bila ruhusa. Askari! Miaka yote hiyo amelinda mkunjo wa askari. Amegombana na Jashoda kwa ajili yake, amekosana na Selpha nusu mwezi, ameupapasa kwa vidole kama watu wanavyopapasa Biblia. Haukuwa ahadi na haukuwa kwaheri. Ulikuwa mkono wa kijana fulani aliyefundishwa vizuri na mama yake.

"Livae," akasema alipopata pumzi.

Muthoka alisimama. Koti likafunguka kwa sauti ya jani kavu. Aliingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili, na alipovuta mabega ili likae, wakasikia wote wawili nyuzi zikikatika. Lilipasuka mgongoni, mstari mmoja ulionyooka toka ubavu hadi ubavu, palepale palipokuwa na mkunjo. Bitana nyeupe ikachungulia.

Alibaki amesimama, mikono imeinuka kidogo, haya tupu usoni.

"Nimeliharibu."

"Si wewe," Kalondu akasema. "Niliambiwa. Kila mwaka niliambiwa."

Muthoka akalivua. Halafu akafanya kitu ambacho Kalondu hakuwahi kukiona. Alilitandaza mapajani, akaingiza mkono mmoja ndani, ukatoka upande mwingine, akaurudisha, akalipinda kombo, kola ikabaki chini, na lote likawa furushi lisilo na sura. Akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Haya, hili nimelikunja mimi," akasema. "Rudi nalo. Niwekee. Nikipata suruali nzuri nitakuja."

Alikuwa anasema kweli. Kalondu aliliona hilo, na aliona vilevile sanduku, na mvua nyingine ndefu, na brashi, na siki, na yeye ameinama uani akilinda mkunjo mpya ulio mbaya kuliko wa kwanza. Mikono yake ilianza kunyooka kulipokea, kwa mazoea. Akairudisha mapajani.

"Sibebi," akasema.

"Mama Mulei..."

"Sijakusamehe ule mwaka. Nitakugombeza, tena sana, ukae ukijua. Lakini nyumbani kwangu, si hapa. Vaa koti, chukua sufuria yako. Treni ya jioni haingoji mtu."

Stesheni ya Ruiru ilikuwa na watu wengi, wengine wametoka kanisani na nguo zao za Jumapili. Muthoka alitangulia na sufuria yake mkononi. Kalondu alimfuata nyuma na ile malmal tupu begani, akitazama mpasuko unavyofunguka na kufumba kila alipopiga hatua. Wanawake wawili walionyeshana. Mwanamume mmoja akageuka kabisa kutazama. Masikio ya Muthoka yalikuwa yamepata joto.

"Mpasuko unaonekana?" akanong'ona bila kugeuka.

"Unaonekana."

"Nilivue?"

"Usilivue," akasema Kalondu. "Mimi nimechoka kulibeba."